Njia ya Mkato

Nilifika Ihumwa mwezi wa Agosti, ramani kwapani.
Ndani yake nilikwisha kuotesha ukoka,
nilikwisha kupanda michongoma kwa rula,
na njia ya vitofali, kutoka lango hadi ofisi ya mwalimu mkuu,
imenyooka kama mstari wa paredi.

Upepo ukanipokonya karatasi,
ukaibandika kwenye ukuta wa vyoo.
Bi Madeje, mpishi wa uji, akaniletea imejaa vumbi jekundu,
akaigeuza juu chini, chini juu, akauliza:
"Na maji yatapita wapi?"

Maji gani?
Mbingu ilikuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Bomba la kisima lilikohoa, likatema chumvi.
Mbuzi watatu walitafuna kivuli cha mkungugu
kwa kuwa majani yalikwisha.

Kesho yake nikasimama langoni na daftari.
Kengele ya hapa ni ringi ya lori na nondo.
Watoto mia saba na ushee,
hakuna hata mmoja aliyepita nilipopapenda.
Walikata mshazari nyuma ya jiko,
wakauzunguka mwamba wenye mgongo wa kobe,
kila mmoja akaugusa kwa kiganja
(sijui kwa nini, nao hawajui),
wakaingilia mlango wa pembeni.
Nyayo zao zilikwisha kuchimba njia
laini kama sahani.
Kwenye ramani, papo hapo, niliandika:
Maua. Usikanyage.

Nikafuta.
Kufuta ni nusu ya kazi hii; chuoni hawakuniambia.

Mvua ilishuka Desemba, usiku, bila hodi.
Saa kumi na moja alfajiri simu ya Madeje:
"Fundi wa maua, njoo uyaone maji yako."
Yalitoka mlimani mekundu,
yamebeba kandambili moja na ufagio,
yakapita pale pale wanapopita watoto,
yakauzunguka mwamba, nusura niseme yaliugusa,
yakaenda kulichimbua korongo nyuma ya uwanja,
lile ambalo kila masika hula goli la kusini.

Basi nikachora upya, nimepiga magoti kwenye tope.
Matuta ya mawe, nusu mwezi nusu mwezi,
kama midomo iliyokaa tayari kunywa.
Mfereji kutoka bati hadi tangi, tangi hadi mchicha.
Mawe ya kukalia, mapana, ya kusomea na ya kutoroka hesabu.
Na mteremko wa taratibu kwa baiskeli ya Sechelela,
ile ya magurudumu matatu, inayozungushwa kwa mikono.
Nilimchorea njia yake. Akaikataa.
Alitaka ya wote, ila iwe pana,
apate kugombana na mtu ubavu kwa ubavu.

Kila mtoto mche mmoja,
kila asubuhi kidumu kimoja cha maji
yaliyokwisha kuosha uso au vyombo.
Mche wa Chilewa uko karibu na goli.
Mwezi wa tatu Chilewa alihamia Manyoni,
baba yake kapata kibarua cha reli.
Hatukuandika popote nani ataurithi.
Juzi nilipita, nikaona udongo wake umelowa.
Nikauliza ni nani.
Darasa zima likatazama dari.

Leo wamekuja wageni wa halmashauri.
Wanataka kuona nilichobuni.
Ninawaonyesha mwamba.
"Huu mliuleta na winchi?"
Hapana, mzee, tuliukuta.
"Na hii njia?"
Tuliikuta.
Wananiangalia kama mtu aliyelipwa bure.

Mmoja, viatu vyake vinang'aa bado,
anatafuta kibao cha kumwelekeza msalani.
Madeje, bila kuacha kukoroga,
anamwonyesha kwa mwiko.